SOMO: Kumpokea Mbwa Mkubwa Aliyeokolewa

Mkazi wa Dundori anayetafuta mbwa wa boma kwa kawaida huulizia mtoto wa mbwa. Mbwa mkubwa aliyeokolewa barabarani, au aliyeachwa na mwenyewe aliyehama, hukataliwa kwa kauli moja: huyo ameshazoea kwingine, hafundishiki. Kauli hiyo si kweli.

Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu. Mbwa mkubwa, umbo lake unaliona na tabia yake unaweza kuipima kabla hujamchukua. Anawatazamaje kuku? Mtoto akipita mbio, anafanya nini? Akiguswa akila, ananguruma? Mtembelee mara mbili au tatu, kwa saa tofauti. Umri wake daktari wa mifugo ataukadiria kwa meno: meno ya ukubwani huwa yametoka yote akifikisha miezi saba hivi, kisha hutazamwa ugaga na jinsi yalivyolika.

Aliye tayari kwenda mbali kidogo anaweza kuulizia KSPCA, chama cha kutunza wanyama kilichoanza mwaka wa 1910, ambacho kina kituo Nairobi na tawi Naivasha. Popote utakapompata, ulizia cheti cha chanjo na kama amehasiwa. Kama hakuna cheti, mhesabu kuwa hajachanjwa, na umfikishe kwa afisa wa mifugo wa wadi mapema.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Virusi vya kichaa cha mbwa vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya dalili kuonekana, na chanjo haimponyi mbwa aliyekwisha kuambukizwa. Kwa hiyo mbwa wa barabarani, hasa mwenye kovu au kidonda cha kuumwa, mtenge na watoto na mbwa wengine, na daktari akuambie ni kwa muda gani. Akibadilika ghafla, atokwe na mate mengi au ashindwe kumeza, usimshike, piga ripoti. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huu kufikia mwaka wa 2030, na ili mnyororo ukatike ni lazima asilimia 70 ya mbwa wachanjwe.

Kwetu sisi wafugaji wa kondoo kuna minyoo pia. Kondoo anapochinjwa, maini au mapafu yenye vifuko vya maji hutupiwa mbwa yakiwa mabichi. Ndani ya vifuko hivyo mna vijidudu ambavyo hugeuka tegu tumboni mwa mbwa. Mayai hutoka na kinyesi, yakafika kwenye nyasi za kondoo, kwenye sukuma wiki na mikononi mwa watoto, na mtu akiyameza hupata uvimbe kwenye ini au mapafu ambao mara nyingi huhitaji upasuaji. Vifuko ukiviona, zika matumbo hayo kwenye shimo refu au uyachome. Mengine yachemshe vizuri kabla ya kumpa mbwa. Mgeni apewe dawa ya minyoo kabla hajazunguka boma, na kinyesi chake cha siku hizo kizikwe.

Wiki za kwanza mbwa atajaribu kurudi alikotoka, basi mwache kwenye kamba ndefu na alishwe na mtu mmoja. Kondoo awaone akiwa amefungwa. Baridi ya Dundori mnaijua: kibanda kiinuliwe kutoka ardhini, na mlango usielekee upepo.

Akimuuma mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, mjulisheni afisa wa mifugo, na atazamwe kwa siku 10: akibaki mzima, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na virusi, na daktari ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Majeruhi asingoje siku hizo ziishe ndipo aanze matibabu.