Maradhi Yasiyopiga Hodi: Maswali na Majibu kuhusu Magonjwa ya Zinaa kwa Wanawake

Je, magonjwa ya zinaa yanaongezeka?

Hutegemea ugonjwa unaoulizwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne yanayotibika: trikomonasi milioni 156, klamidia milioni 129, kisonono milioni 82 na kaswende milioni 7.1. Kati ya hayo, kaswende ndiyo yenye idadi ndogo kuliko yote na ndiyo inayotisha zaidi, kwani kufikia mwaka 2022 makadirio yake yalikuwa yamepanda hadi milioni 8.

Kwa nini madhara humwangukia zaidi mwanamke?

Sehemu ya sababu ni maumbile. Utando wa uke ni mpana na laini, na mlango wa kizazi wa msichana huwa bado haujakomaa. Sababu kubwa zaidi ni ukimya wa maradhi yenyewe. Mwanamume mwenye kisonono kwa kawaida huchomwa na mkojo na kutokwa na usaha, hivyo hutafuta dawa mapema. Kwa mwanamke, vijidudu hivyohivyo mara nyingi hukaa kimya, na klamidia hujificha zaidi: wengi walio nayo hawaoni dalili yoyote. Wakati huo maambukizi hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Matokeo yake ni maumivu ya nyonga yasiyokwisha, mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi, na ugumba, ambao katika nyumba nyingi hulaumiwa mke hata pale ugonjwa ulipoletwa na mume.

Mahali pasipo na maabara, mgonjwa hutibiwaje?

Hutibiwa kwa kufuata dalili: mhudumu husikiliza malalamiko, humchunguza mgonjwa, kisha hutoa dawa za magonjwa yote yanayoweza kuleta dalili hizo. Njia hii ina sifa yake. Utafiti uliofanyika mkoani Mwanza, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya namna hiyo vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Hata hivyo, inafaa zaidi kwa vidonda na kwa usaha wa wanaume. Ute usio wa kawaida ukeni mara nyingi husababishwa na fangasi au na kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke, si kisonono wala klamidia. Basi mmoja humeza dawa za ugonjwa asio nao na kurudi nyumbani na aibu ya kumwita mwenzi wake kliniki, ilhali mwingine, asiye na dalili, hapewi chochote. Takwimu zinazotokana na madaftari ya vituo hubeba kasoro hiyohiyo.

Kaswende ina hatari gani kwa mjamzito?

Huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mimba inaweza kuharibika, mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa akiwa na ugonjwa. Utajiri wa nchi si kinga: Marekani ilihesabu watoto 335 waliozaliwa na kaswende mwaka 2012, na mwaka 2023 wakawa 3,882. Inashangaza, maana kipimo ni tone la damu ya kidoleni, na kaswende ya hatua za mwanzo hutibiwa kwa sindano moja ya benzathini penisilini. Mwenzi asipotibiwa, mama huambukizwa upya.

Kuna chanjo?

Ipo ya virusi vya HPV, ambavyo aina zake mbili, 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Rwanda ilianza kuchanja wasichana mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019.

Mwanamke apimwe lini?

Mjamzito hupimwa kaswende na VVU katika hudhurio la kwanza kliniki, na aliye na mwenzi mgonjwa hapaswi kungoja dalili. Uchunguzi wa mlango wa kizazi hushauriwa kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Katika vituo vingi mlango huo hupakwa siki. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na mara nyingi huweza kutibiwa siku hiyohiyo.