Majani Chunguni: Nini Hutoka na Nini Hubaki

Karibu kila ukoo katika nchi yetu una mpishi wake wa dawa. Aghalabu ni bibi, na kazi yake huanza kwa namna moja: majani huchumwa, huoshwa, hutiwa chunguni pamoja na maji, kisha moto huwashwa. Maji yakigeuka rangi na uchungu ukizidi, husemwa kwamba dawa imeiva. Mimi nami nilinyweshwa maji ya mwarobaini utotoni, pua zikiwa zimeshikwa kwa vidole viwili, na sikupewa nafasi ya kuuliza swali. Makala haya yanauliza swali lile nililolimeza pamoja na dawa: katika vitu vyote vilivyomo ndani ya jani, ni vipi vilivyohamia majini, na ni vipi vilivyobaki katika makapi tuliyoyamwaga jalalani?

Swali hilo si la mzaha. Mgonjwa hanywi jani. Hunywa kile tu ambacho maji yameweza kukitoa ndani ya jani.

Jani ni mfano wa ghala. Ndani yake mna sukari, chumvi, rangi, mafuta, nta na viini vichungu ambavyo mmea hujikinga navyo dhidi ya wadudu. Kila kimoja kina tabia yake. Sukari na chumvi huyeyuka katika maji. Mafuta na nta hukataa. Kitu chenye uwezo wa kuyeyusha kingine tunakiita kiyeyushi, na maji ni kiyeyushi kimoja tu miongoni mwa vingi. Wapishi wetu wanalijua jambo hili ingawa hawalitaji kwa jina. Anayepika mchuzi hukaanga bizari katika mafuta kabla ya kutia maji, kwa kuwa rangi na harufu yake hutoka vizuri zaidi katika mafuta.

Tuanze na mmea ulioyakubali maji. Mti wa sinkona, asili yake milima ya Amerika ya Kusini, una gome lenye kwinini. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini hiyo ikawa peke yake. Wajerumani nao, baada ya kufungua kituo chao cha utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, waliipanda sinkona. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, Amani ikawa inatengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani. Walipoipoteza Usambara mwaka 1916, askari wa Lettow-Vorbeck waliendelea kuchemsha gome hilo porini na kunywa maji yake. Yalikuwa machungu kupita kiasi, hata wakayapachika jina la pombe kali ya kamanda wao.

Kwa nini chungu cha porini kiliweza kutoa dawa? Kwa sababu kwinini ni besi, na ndani ya gome imeshikana na asidi za mti na kufanya chumvi. Chumvi hizo huyeyuka katika maji ya moto, na kwinini yenyewe huvumilia mchemko. Sehemu nyingine hubaki gomeni, lakini inayotoka ina nguvu.

Sasa tuutazame mmea wa pili, ambao siku hizi unapandwa bustanini na watu wengi: artemisia, yaani Artemisia annua, asili yake Uchina. (Msomaji asiuchanganye na pakanga ya milimani kwetu, Artemisia afra. Ni ndugu wa ukoo mmoja na harufu yao inakaribiana, lakini kiini ninachokwenda kukieleza ama hakimo katika pakanga au kimo kwa chembe tu.) Mwaka 1967 serikali ya Uchina ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mwaka 1969 mwanakemia Tu Youyou akakabidhiwa sehemu ya kazi hiyo. Mimea mingi ilijaribiwa. Artemisia ilitoa matokeo ya kuyumbayumba, leo yanatia moyo na kesho yanavunja moyo.

Tu alirudi katika vitabu vya kale. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi yapata miaka 1,700 iliyopita, alikuta maelekezo mafupi ya kutibu homa: konzi ya mmea huo ilowekwe katika maji, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Halikutajwa chungu wala moto. Ndipo alipohisi kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu kazi yake. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka katika nyuzi 35 tu za Sentigredi. Mwezi Oktoba 1971 mchujo wa etha uliwasafisha panya wa maabara vimelea vyote vya malaria. Mwaka uliofuata kiini chenyewe, artemisinini, kilitengwa, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobeli.

Msomaji atazame vyema kilichobadilika. Mmea ulikuwa uleule na ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni kiyeyushi na joto. Artemisinini huyeyuka kwa shida sana katika maji. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari Ujerumani, msimamizi wangu hakukubali kamwe tuseme tu kwamba tumejaribu mchujo wa jani fulani. Alitaka ajue ni gramu ngapi, katika kiyeyushi gani, kwa nyuzi ngapi na kwa muda gani. Wakati ule niliona ni usumbufu wa Kizungu. Siku hizi nawasumbua wanafunzi wangu kwa maswali yaleyale.

Hapa ndipo penye hatari ya chai ya artemisia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulipima lita moja ya chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani makavu, ukakuta miligramu 94.5 za artemisinini. Hiyo ni takriban moja ya tano ya kipimo cha siku kilichokuwa kikipendekezwa. Tena hayo ni majani yaliyopimwa kwa mizani. Majani ya bustani moja huweza kuwa na kiini mara kumi ya yale ya bustani nyingine, kwa kutegemea mbegu, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha, na jicho haliwezi kutambua tofauti hiyo.

Jirani yangu mmoja alimpa mwanawe chai hiyo kwa siku nne. Siku ya kwanza na ya pili homa ilishuka, mtoto akaomba uji, na nyumba nzima ikashukuru. Siku ya nne alikuwa amelazwa hospitali, akiongezwa damu. Alipona, namshukuru Mungu. Kilichotokea kinaelezeka: dawa hafifu iliwapunguza vimelea bila kuwamaliza, na waliosalia wakazaliana upya. Madhara hayakomei kwa mtoto mmoja. Vimelea wanaokutana na dawa isiyotosha, na wakanusurika, ndio wanaopata nafasi ya kujenga usugu. Tayari usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2012, na tena mwaka 2019, la kutounga mkono matumizi ya majani ya artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria. Dawa mseto tunayopewa zahanati huunganisha artemeta, iliyotengenezwa kutokana na artemisinini, na lumefantrini, kwa kipimo kinachojulikana, kwa siku tatu. Homa ikimshika mtoto, apimwe damu siku hiyohiyo.

Je, tuzime majiko yote? Hapana. Tangawizi iliyopondwa na kutiwa maji ya moto hutuliza kichefuchefu, na makosa madogo ya kipimo hayamwangamizi mtu mzima. Asali ndani yake hulainisha koo, ila asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kuwa na mbegu za bakteria zenye kumletea sumu.

Mwarobaini nao una mahali pake, na pengine mahali hapo ni shambani kuliko kinywani. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake, wakapatwa na kutapika, usingizi mzito na degedege. Mafuta hayo hubeba vitu ambavyo maji ya majani hayavibebi, kiyeyushi tena. Lakini mbegu hizohizo ni dawa nzuri ya wadudu waharibifu wa mboga. Twanga gramu 500 za viini vya mbegu kavu, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji baridi, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili dawa ishike majani, kisha nyunyiza jioni. Tumesema jioni kwa kuwa jua kali huvunja kiini chake upesi. Chombo cha kazi hiyo kisirudi jikoni, wala dawa isitiwe katika chupa ya soda.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wayaone haya kwa macho hahitaji etha, ambayo hushika moto kwa urahisi na haifai darasani. Atafute bizari ya manjano, glasi tatu, maji, mafuta ya kupikia na spiriti. Kila glasi itiwe kijiko kimoja cha chai cha bizari na mililita 50 za kiyeyushi kimoja. Moto wowote uwekwe mbali na spiriti, na vitu vya jaribio visionjwe. Koroga kwa dakika tano, acha hadi unga utuame, kisha chuja kila kimoja kwa karatasi ya kuchujia. Maji yatatoka yamepauka. Mafuta yatakuwa ya manjano, na spiriti itakoza hadi kukaribia rangi ya chungwa.

Kabla ya kuwaambia lolote, waulize wanafunzi ni glasi ipi yenye bizari nyingi zaidi. Wengi watanyooshea kidole ile ya spiriti, na hapo wakumbushe kwamba zote tatu zilitiwa kijiko kilekile. Kisha waombe wachukue makapi ya glasi ya maji, wayatie spiriti safi, na wangoje waone.