Gemu ya Diski au ya Kupakua: Mnunuzi Anamiliki Nini?

Mzazi anayemnunulia mtoto mashine ya kuchezea gemu siku hizi huulizwa swali ambalo zamani halikuwepo: anataka yenye mahali pa kuingiza diski au isiyo nayo? Isiyo na diski mara nyingi huwa na bei nafuu, na wengi huichukua kwa sababu hiyo tu. Lakini uamuzi huo utaathiri gharama ya intaneti nyumbani, uwezekano wa kuuza gemu ambayo mtoto ameshaichoka, na hata kama gemu hiyo itachezeka miaka kumi baadaye.

Makala haya yanaeleza tofauti ya njia hizo mbili, yanajibu iwapo diski zinaelekea kutoweka, na kuorodhesha mambo ya kukagua kabla ya kulipa.

Kutoka rafu ya duka hadi mtandaoni

Mwaka wa 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilianzisha Steam, huduma ambayo baadaye ilikua na kuwa duka kubwa la gemu za kompyuta. Kwa wachezaji wa kompyuta, swali la diski lilikwisha zamani. Laptopu nyingi mpya hazina hata mahali pa kuziingiza.

Mashine za kuunganisha na televisheni zimefuata njia hiyo. Mwaka wa 2019 Microsoft ilitoa toleo la Xbox One S lisilosoma diski. Novemba 2020 Sony ilizindua PlayStation 5 ya aina mbili, moja ya diski na nyingine ya kupakua pekee, huku Microsoft ikitoa Xbox Series S bila diski. PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, huuzwa bila kisoma diski, na anayekihitaji hukinunua kando. Juni 2025 Nintendo ilileta Switch 2, na baadhi ya kadi zake hazina gemu ndani. Zina ufunguo tu, na gemu yenyewe lazima ipakuliwe.

Sababu kubwa ni pesa. Diski hutengenezwa, hufungashwa na kusafirishwa, na mwenye duka naye hupata faida yake. Zaidi ya hayo, diski moja inaweza kuuzwa kwa watu watano, mmoja baada ya mwingine, na kampuni ikalipwa mara moja tu. Gemu ya kupakua haina mkono wa pili.

Mali na ruhusa

Hapa ndipo penye tofauti ambayo wanunuzi wengi hawaioni. Diski ni mali ya aliyeinunua. Anaweza kumwazima jirani, kumpa mdogo wake au kuiuza. Anayelipa katika duka la mtandaoni hupewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia gemu hiyo kwa masharti ya duka. Ruhusa hiyo imefungwa kwenye akaunti yake. Akaunti ikifungwa au ikipotea, gemu zote zilizomo huenda nayo.

Chukua mfano wa kijana aliyenunua diski kwa Sh6,000 na kuiuza kwa Sh3,500 baada ya kuimaliza. Gemu hiyo imemgharimu Sh2,500. Mwenzake aliyepakua gemu hiyo kwa Sh5,000 ameonekana kuokoa pesa siku ya kwanza, lakini hana cha kuuza.

Maduka ya mtandaoni nayo hufungwa. Machi 2023 Nintendo ilisitisha mauzo katika maduka ya mashine zake za Wii U na 3DS. Julai 2024 Microsoft ilifunga duka la Xbox 360. Gemu zilizouzwa humo pekee hazikuweza tena kununuliwa kihalali. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2023 na shirika la Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani kwa njia ya kawaida.

Jimbo la California limechukua hatua. Tangu Januari 1, 2025, sheria ya huko inakataza duka la mtandaoni kumwambia mteja kwamba "ananunua" bidhaa ya kidijitali bila kumweleza wazi kwamba anapewa leseni.

Diski nayo si kinga kamili

Gemu ya magari iitwayo The Crew, ya kampuni ya Ubisoft, ilitolewa mwaka wa 2014 na ilihitaji intaneti kila wakati. Machi 31, 2024 kampuni ilizima mitambo iliyoiendesha. Waliopakua na waliokuwa na diski wote waliachwa bila gemu.

Diski pia hukwaruzika, na gemu nyingi mpya huhitaji masasisho makubwa kutoka mtandaoni hata baada ya diski kuingizwa. Ukubwa wa gemu umekuwa tatizo pia: Red Dead Redemption 2 ya PlayStation 4, iliyotoka 2018, ilihitaji diski mbili.

Hali ya hapa nyumbani

Kwa mkazi wa kaunti, intaneti ndiyo kizingiti cha kwanza. Gemu ya GB 100 kwenye intaneti ya Mbps 10 huchukua zaidi ya saa 22 kupakuliwa, hata kama mtandao haujakatika wala stima kupotea. Anayetegemea bando la simu lazima aongeze bei ya data hiyo kwenye bei ya gemu.

Kizingiti cha pili ni mipaka ya maduka yenyewe. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wangelazimika kuwa na akaunti ya PlayStation Network. Wakati huo huduma hiyo haikuwa imefunguliwa rasmi Kenya. Gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi nyingi zisizo na huduma hiyo. Sony iliondoa sharti hilo baada ya wachezaji kulalamika. Baadhi ya wachezaji hufungua akaunti kwa kutaja nchi nyingine, lakini wanapofanya hivyo huwa wanakiuka masharti ya duka, na wakifungiwa hawana pa kujitetea.

Vijana wanaoendesha vibanda vya gemu wana la kuzingatia zaidi. Jedwali la Nne la Katiba limekabidhi kaunti majukumu ya maonyesho na ukodishaji wa video pamoja na leseni za biashara, hivyo kibanda kinahitaji kibali cha kaunti. Masharti ya maduka ya mtandaoni nayo kwa kawaida huruhusu matumizi ya kibinafsi tu. Kuwa na diski halisi hakumaanishi kwamba mtu ana ruhusa ya kuifanyia biashara. Maswali kuhusu haki hizo huelekezwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Je, diski zitakwisha?

Kwa gemu mpya, mwelekeo ni kupakua, na kwenye kompyuta hilo limeshatimia. Kwa mashine za televisheni, diski itaendelea kuwa na soko mahali ambapo intaneti ni ghali na biashara ya mitumba ina nguvu, na Kenya ni mojawapo. Hata hivyo, itaendelea kuwepo ikiwa tu kampuni zitaendelea kutengeneza mashine zinazoisoma. Ndiyo maana mashine inayonunuliwa leo ni muhimu kuliko gemu yenyewe.

Kabla ya kulipa

1. Hakikisha kama mashine inasoma diski. Ikiwa haisomi, uliza kama kisoma diski kinaweza kuongezwa na kwa bei gani.
2. Soma maandishi ya kasha. Yakitaja intaneti au kupakua, uliza ni GB ngapi.
3. Uliza kama gemu inaweza kuchezwa bila intaneti.
4. Kwa diski ya mitumba, omba ijaribiwe mbele yako, na uchukue risiti.
5. Kadi ya kulipia duka la mtandaoni ilingane na nchi ya akaunti.
6. Hifadhi barua pepe na nenosiri la akaunti mahali salama. Usinunue wala kuazima akaunti ya mtu usiyemjua.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Mwenye duka anayeuza kasha lenye ufunguo pekee kana kwamba lina gemu nzima anamnyima mteja haki hiyo. Malalamishi kama hayo yanaweza kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, yakiambatanishwa na risiti na picha ya kasha.