Cheti cha chanjo na daftari la zahanati: Tuliyojifunza Sale

WIKI chache kabla ya msimu wa Hijja wa mwaka 2022, baba yangu mdogo alinipigia simu kutoka tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, sauti ikikatika-katika. Pasi ya kusafiria anayo, fedha amekwishalipa, na kadi ya karatasi ya chanjo ya korona anayo mfukoni. Alichokosa ni cheti cha mtandaoni chenye alama ya QR, ile inayosomwa kwa simu, na kikundi alichojiandikisha kusafiri nacho kilikuwa kikikidai. Ikumbukwe kuwa mwaka ule Saudi Arabia iliruhusu mahujaji milioni moja tu, wenye umri chini ya miaka 65, waliochanjwa na wenye majibu ya kipimo cha PCR cha ndani ya saa 72.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu siku hizi inasemwa sana kwamba korona ndiyo iliyotuletea teknolojia katika afya. Ni kweli, lakini tuulize: ilimfikia nani kwanza?

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na alikuwa hapa hapa Arusha. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Namba ya bure ya 199 ikawa kimbilio la wenye maswali. Msafiri wa nje akaanza kuomba kipimo na kulipia kwa mtandao, na majibu akayapata huko huko. Chanjo zilipoingia Julai 2021, dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, watu walitakiwa kujiandikisha mtandaoni. Jambo ambalo kwa kawaida lingezungukia semina miaka mitano lilikamilika kwa miezi.

Hata hivyo, haraka ile haikutoka hewani. Mkoa wetu wa Arusha ndiko ulikoanzia mfumo wa kusajili chanjo za watoto kwa kompyuta ndogo za mkononi, miaka kadhaa kabla ya korona. Wauguzi wengi walikwishazoea kumtafuta mtoto kwenye kioo badala ya kupekua daftari. Palipokuwa na mbegu, korona ilikuwa mvua. Pasipokuwa na mbegu, mvua ilipita tu.

Nilifunga safari. Kutoka Karatu unateremka Mto wa Mbu, unapita Engaruka na Ngaresero pembeni ya Ziwa Natron, kisha unaukwea ukuta wa bonde hadi Sale. Katika zahanati aliyochanjiwa mzee, ambayo sitaitaja, nilielewa kilichotokea. Majina yaliandikwa kwenye karatasi, karatasi zikapelekwa kuingizwa kwenye mfumo mahali penye mtandao. Huko mtu akamwandika "Othman" badala ya "Athumani" aliye kwenye pasi. Namba ya simu ikawa ya kijana wake, laini iliyokwishafungwa, kwa hiyo ujumbe wa uthibitisho ulikwenda kusikojulikana.

Hilo nalo lilirekebishwa, alhamdulillah, baada ya safari mbili za Wasso na siku nne za wasiwasi. Mzee alikwenda, akahiji, akarudi.

Lakini nilipokuwa nasubiri pale kwenye benchi niliona kitu kingine. Mama mjamzito alikuja bila kadi yake ya kliniki, imelowana mvua. Muuguzi akarudi kwenye daftari, akatafuta, hakupata, akaanza upya kumwuliza maswali, tena kwa mkalimani kwa kuwa mama yule Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Mfumo wa kumthibitishia msafiri chanjo moja ulikuwepo. Wa kukumbuka kwamba mama huyu alitoka damu nyingi uzazi uliopita, pale zahanati haukuwepo.

Watu wa Sale wanaijua gharama ya kutokuwa na kumbukumbu. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge kunywa kikombe cha Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa za Ukimwi wakiamini wamepona. Sina nia ya kufufua mjadala ule, na mwenyewe amekwishafariki mwaka 2021. Ninachouliza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuwafuatilia wale waliotoka mikoa mbalimbali, wakati daftari la kliniki moja halikuzungumza na la nyingine.

Ipo teknolojia inayofaa sehemu kama hizi, wala haihitaji simu ya gharama. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, unafanya kazi kwa kupiga namba 115: anatafutwa dereva wa karibu ampeleke mjamzito au mtoto mchanga hospitali, na dereva analipwa kwa simu. Sauti tu inatosha.

Kabla sijaondoka nilimwuliza muuguzi anatumaje taarifa zake za mwezi. Akanionesha kilima nyuma ya shule. Anapanda na simu yake mwenyewe, akiwa amenunua bando kwa fedha yake. Niliuliza kama hurudishiwa. Alicheka, akaita mgonjwa anayefuata.