Kabla Hamjafunga Mwamba wa Pweza

Mwaka 2004, kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilifunga mwamba mmoja wa pweza kwa miezi kadhaa. Mtindo huo sasa uko hata Pemba na Pate. Una mantiki: pweza huishi mwaka na ushee tu na hukua upesi, hivyo miezi mitatu ya subira huonekana kwenye mizani. Lakini anayefungiwa si pweza peke yake. Kamati ya wavuvi au kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU) ianze na haya.

Ulizeni watu watahamia wapi. Mwamba ukifungwa, njaa haifungwi. Kaeni na wanaochokoa pweza wakitembea kwa miguu maji ya bamvua yanapokupwa, wengi wao wanawake, kisha na wazamiaji. Kila mmoja aseme: hapa pakifungwa, kesho ataenda wapi? Choreni mishale mchangani. Ikielekea yote mwamba mmoja, mtauchakaza huo. Asiye na chombo aachiwe mwamba wa karibu.

Ijadilini siku ya kufungua kabla ya kufunga. Sifa ya mavuno huvuta wavuvi wa dago, wale wanaohamahama na kupiga kambi. Wakijaa, pweza huisha kwa bamvua moja, wenyeji huvunjika moyo, na msimu unaofuata doria hukosa watu. Kubalianeni mapema nani ataingia, kwa siku ngapi, na pweza wa uzito gani aachwe. Zungumzeni pia na mnunuzi: mzigo wote ukitua siku moja bila barafu ya kutosha, bei huporomoka.

Gawanyeni kilo kwa watu. Andikeni uzito wa kila pweza, idadi ya wavuvi na saa walizokaa mwambani. Jumla pekee hudanganya: kilo zikiongezeka maradufu na watu mara tatu, kila mmoja amepata pungufu.

Shirikisheni majirani. Pweza jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Vitoto huchukuliwa na mkondo. Kwa hiyo unene wa pweza mtauvuna wenyewe, lakini wingi wao huenda ukatoka mwamba wa kijiji kingine. Pangeni zamu za kufunga pamoja.

Badilisheni kanuni moja kwa msimu. Mkiongeza miezi, mkapanua eneo na kuzuia wageni kwa mpigo, hamtajua kipi kilichosaidia.