Mahekalu Matatu na Jua la Bangkok: Mafunzo Niliyopata

1. Jua ndilo mwenye ratiba. Aprili ni mwezi wa joto kali Bangkok, kwa hiyo nilianza na Wat Phra Kaew, linalofungua milango saa mbili na nusu asubuhi. Humo mna Buddha wa Zumaridi, ambaye kwa kweli amechongwa kwa jiwe la jedi na kimo chake ni sentimita 66 tu. Mavazi yake hubadilishwa mara tatu kwa mwaka, kufuata majira ya joto, mvua na baridi, na kazi hiyo ni ya mfalme. Ikiwa sanamu ina nguo za majira ya joto, mgeni naye ajipange.

2. Fikiria viatu kabla ya nguo. Habari ya kufunika mabega na magoti utaisikia kila mahali. Viatu ndivyo havitajwi. Unavivua kila unapoingia ndani, kwa hiyo vya kamba ni adhabu, na ukivuka ua wa mawe saa sita mchana bila soksi utatembea kwa kurukaruka.

3. Ukiambiwa "leo pamefungwa", nenda mpaka dirisha la tiketi. Jamaa mmoja nadhifu, mpole kupita kiasi, alinisimamisha nje ya ukuta wa hekalu: kuna ibada, rudi alasiri, ila bajaji hii itakuzungusha kwa bei ya bure. Mzunguko wa namna hiyo huishia duka la vito. Nilimshukuru, nikaendelea. Palikuwa wazi, foleni imejaa.

4. Keti chini. Wat Pho lina Buddha aliyelala, urefu mita 46, na wengi humpiga picha wakitembea, wakatoka. Mimi nilikaa katika ukumbi mwingine, mdogo, wenye feni, nikimwiga mama mmoja wa Kithai: miguu imekunjwa nyuma, nyayo zisimwelekee Buddha. Nilipopoa ndipo nikarudi kwa yule mkubwa. Nyayo zake zimepambwa kwa gamba la chaza, alama 108 zilizopangwa kwa vyumba. Mgongoni mwake kuna bakuli 108 za shaba. Watu wanapita wakidondosha sarafu moja moja, kengele tupu ukumbi mzima.

5. Mchana upe mto. Kutoka gati la Tha Tien kivuko hukuvusha Chao Phraya kwa dakika chache hadi Wat Arun, na upepo wa majini una thamani kuliko nauli. Kwa mbali mnara wa hekalu hilo ni mweupe tu. Sogea: umefunikwa vipande vya kaure ya China, vingine vimekatwa vikawa petali za maua. Aliyeyaona makaburi ya Kunduchi yaliyopachikwa sahani za China atasimama hapo kitambo.

6. Acha kitu. Wat Traimit, lenye Buddha wa dhahabu aliyefichwa ndani ya lipu mpaka ilipobanduka mwaka 1955, nililiahirisha hadi kesho yake, nikaenda kutafuta maji ya dafu.