Urea si mkojo: kosa langu la tafsiri

Likizo iliyopita, huko Lubarika, nilimsindikiza mama mkubwa kwa waganga. Alikuwa amehara na kutapika siku mbili, baada ya wiki nzima ya kupalilia mpunga kwenye jua la bonde la Ruzizi. Karatasi ya maabara ilikuwa ya Kifaransa: urea imepanda. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa lugha katika ukoo, nikatafsiri: “Mama mkubwa, mkojo umeingia katika damu.” Akanyamaza, kisha akaomba watoto wake waitwe.

Nilikosea. Mkojo hutengenezwa na figo; damuni haukuwahi kuwamo. Urea, kwa upande wake, imo katika damu ya kila mtu mwenye afya. Tukila ndagala au maharage, protini inayozidi mahitaji haiwekwi akiba. Huvunjwa, na naitrojeni yake hutoka kama amonia, ambayo ni sumu. Ini huigeuza kuwa urea, isiyo kali, nayo damu huipeleka kwenye figo. Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 kwa siku, kisha hurudisha karibu zote. Lita moja au mbili tu ndizo zinazotoka. Maji yakipungua, ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo ziyabakize. Mkojo huwa mchache, wa manjano nzito. Damu inayofika kwenye figo nayo hupungua, na sehemu ya urea hurudi pamoja na maji. Ndiyo maana kipimo kilipanda.

Ndagala ziwani hana taabu hiyo: amonia humtoka kupitia matamvua, maji yakaichukua. Lakini kamongo, samaki mwenye mapafu, akijifukia katika tope linalokauka hutengeneza urea na kuilimbikiza mwilini hadi maji yarudi. Mmarekani Homer Smith, mtaalamu wa figo, alimchunguza samaki huyo, na mwaka 1932 akachapisha riwaya iitwayo Kamongo, jina la Kijaluo. (Wenzetu wa fasihi, mpo?)

Ningesema hivi: “Maji yamepungua mwilini, kwa hiyo figo zinashindwa kutoa taka za chakula.” Mwuguzi alisema karibu hivyo hivyo, akampa maji ya chumvi na sukari, anywe kidogo kidogo. Sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Eneo la Uvira, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, wauguzi hueleza jambo hili kila siku bila digrii ya lugha.

Siku ya tatu mama mkubwa aliniuliza kama mkojo umekwisha kutoka damuni. Nikaanza upya, toka kwenye ndagala.